Diski ya Mzee Nsajigwa

Ukutani mwa studio ya Habiba Mansuri, juu ya kompyuta, palibandikwa kipande cha katoni chenye maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: DEKI NI YA NANI? Wateja waliosubiri kwenye benchi walidhani ni tangazo la deki iliyosahauliwa dukani. Habiba hakuwasahihisha. Lilikuwa swali lake, na alilazimika kulijibu kila alipofika mwisho wa kazi, pale programu inapofungua dirisha lenye visanduku na namba na kumuuliza anataka video yake itoke namna gani.

Naandika habari za mwanamke huyu kwa sababu nimechoka kusoma habari za wilaya yetu zinazoanza na mchele na kuishia na kokoa, kana kwamba Kyela ni ghala lisilo na watu ndani. Ulikuwa mwaka 2006. Soko lilikuwa limeachwa huru, maduka ya ushirika yamebaki majina juu ya milango, na kila kitu kilikuwa kinaingia: simu, mitumba, jenereta ndogo, na diski za filamu za watu wa mbali zilizouzwa stendi kwa mafungu kama dagaa. Tulizijua sura za waigizaji wa nchi tusizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Sura zetu wenyewe zilikuwa kwenye shahada za kupigia kura, basi. Habiba ndiye aliyeanza kuziweka kwenye kioo, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Alizaliwa nyuma ya duka la baba yake, mtaa wa sokoni, ambako Mzee Mansuri aliuza khanga na sukari tangu alipofika kutoka Tanga akiwa kijana. Alipomaliza kidato cha nne alipelekwa Mbeya kwa shangazi yake asomee ushonaji. Akasomea kompyuta. Aliporudi, duka lilikuwa limegawanywa mara mbili kwa ubao: mbele kaka yake Salim aliuza redio na betri na kukodisha deki na jenereta, nyuma palikuwa na stoo ya magunia. Habiba aliyatoa magunia mwenyewe, akapaka chokaa, akaweka kompyuta ya mtumba na kamera ya kanda ndogo. Baba yake alipouliza nani atampa kazi ya harusi binti wa watu, alijibu kwamba harusi nzima inaendeshwa na mabinti wa watu. Kamera tu ndiyo iliyokuwa bado.

Kuchoma DVD alijifunza kwa kukosea. Ile ya kwanza, ya ubatizo, ilitoka bila rangi na picha ikawa inapanda juu kama pazia linalovutwa, kwa sababu programu ilikuwa imewekewa mfumo wa Marekani na televisheni za huku zinataka mfumo uitwao PAL. Ya pili ilitoka watu wakiwa wamerefuka kama milingoti: alichagua picha pana, na televisheni zote za Kyela zilikuwa za chogo, zenye kioo kinachokaribia mraba. Ya tatu wachezaji ngoma walipotikisa mikono, kingo za mikono zikaota meno ya chanuo, kwa sababu mistari ya picha aliipanga kwa mpangilio wa kioo cha kompyuta. Kila kosa aliliandika kwenye daftari, na siku alipoona makosa yote ni mamoja, kwamba alikuwa anaitengenezea video kompyuta yake badala ya deki ya mteja, ndipo alipoandika ile katoni. Baada ya hapo hakuna diski yake iliyorudishwa kwa miaka miwili.

Iliyorudishwa ni ya Lutengano.

Lutengano alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mtu wa kwenda na kurudi Karonga, upande wa Malawi, ambako watu ni ndugu zetu na lugha yao na yetu zinasikilizana. Huko alimpata Sekela, na harusi ikafanyika huko kwao Sekela. Baba yake Lutengano, Mzee Nsajigwa wa Ipinda, hakwenda. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe aliteleza kwenye tuta la shamba la mpunga akavunjika paja. Alichofanya ni kumtuma mdogo wake na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe usoni, avushwe mto Songwe, akabidhiwe kwa wakwe mbele ya watu, na jina la aliyemtuma litajwe.

Kuna mtu alirudi kutoka Karonga kabla ya wengine, akamwambia mzee kwamba ng'ombe wake alifungwa nyuma ya choo mpaka jioni na hakuna aliyemtaja. Mimi simjui mtu huyo na sitaki kumjua. Lakini neno lake lilikaa. Lutengano alipomleta mkewe nyumbani Ipinda, mzee aliwapa nyumba ya pembeni, akawatakia heri, na hakula chakula cha Sekela. Kila siku Sekela alipika wali na samaki, na kila siku chakula hicho kililiwa na wengine. Mzee alikula cha dada yake, Anyosisye, mjane aliyekuwa akiishi naye. Hakugomba wala hakununa. Alisema tu kwamba mtu hali chakula cha mkwe ambaye hajui kama ameozwa au ameazimwa, na kwamba atakula siku atakapojua ng'ombe wake alipokewa. Lutengano aliapa, na mdogo wake mzee aliapa pia. Mzee akasema viapo vya watu waliokula nyama ya harusi vina mafuta.

Zikabaki kanda za Habiba. Yeye alikuwa Karonga siku ile, na kamera yake ilikuwapo kila mahali.

Lutengano alipokuja kuagiza DVD alitaka vitu viwili. Kwanza ifike Jumamosi. Pili harusi yote, saa nne, iwe kwenye diski moja, maana diski ya pili huazimwa na jirani na hairudi. Habiba alimweleza kwamba diski ni kama debe. Ukitaka saa moja iingie, inaingia ikiwa nzima. Ukitaka saa nne ziingie, lazima kila sekunde ipunjwe, na picha inayopunjwa huanza kuvunjika matofali. Lutengano akasema baba yake haangalii matofali, anaangalia ng'ombe. Habiba akakubali, na kukubali huko baadaye alikuita uvivu.

Akajiuliza swali la katoni. Deki ni ya Salim, ya kukodisha, pamoja na jenereta; televisheni ya chogo, inchi kumi na nne. Basi PAL, picha ya mraba, diski ya alama ya kutoa, DVD-R, kwa sababu deki kuukuu huzikataa za alama ya kujumlisha, DVD+R, na kuchoma kwa mwendo wa taratibu. Yote yalikuwa sahihi. Mwishoni akaiwekea menyu, ukurasa wa kuchagulia unaotangulia video, kitu alichokuwa anajivunia kuliko vyote, kwa sababu hakuna mwingine Kyela aliyekuwa anaweza kuitengeneza. Kwenye menyu aliweka zile sekunde ishirini ambazo Sekela anafunuliwa shela, anatazama moja kwa moja ndani ya kamera, na kucheka. Zinafika mwisho, zinaanza tena, na muziki wa kuingilia ukumbini chini yake, mpaka mtu abonyeze kitufe.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo Mnyakyusa hahitaji kuelezwa. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Mwanamke akimwona baba mkwe njiani anaiacha njia, anajifunika, anainama mpaka apite. Hakai naye chumba kimoja. Jina lake halitamki. Siku hizi wako wanaolegeza, na kanisani wote wanaingia mlango mmoja, lakini Mzee Nsajigwa hakuwa wa kulegeza. Habiba alilijua hilo. Alikulia hapa, na mara nyingi alishawaona wanawake wakiingia kwenye mpunga kumpisha mzee fulani apite. Ila kwao, nyuma ya duka la khanga, mkwe alimbusu baba mkwe mkono na kumkalisha kitini. Haikumjia kwamba heshima ile ingeweza kuingia kwenye kioo. Picha si mtu, aliwaza, kama aliwaza chochote.

Jumamosi mchana sebule ya mzee ilijaa. Mzee aliketi mbele kabisa, mguu wenye plasta umewekwa juu ya kigoda. Sekela alikuwa jikoni, nyumba ya nyuma, kama ilivyompasa. Lutengano akawasha jenereta, akasukuma diski ndani, na Sekela akatokea kwenye kioo, uso wote, akafunuliwa shela, akamtazama baba mkwe wake machoni na kucheka.

Lutengano akabonyeza rimoti. Haikuwa na betri. Kuna mtu alikuwa amezitoa kwa ajili ya tochi. Deki yenyewe ilikuwa na kitufe cha kufungulia mlango, na kitufe hicho kilikuwa kimezama ndani tangu mwaka juzi, mlango ukifunguka kwa kuchokolewa polepole na msumari tu. Sekela akafunuliwa tena. Akacheka tena. Mtu yeyote mwingine angetoka nje, lakini Mzee Nsajigwa alikuwa na mguu juu ya kigoda. Akageuza uso ukutani, akamwambia dada yake kwa sauti ya chini afunike kitu kile. Anyosisye akakunja mkeka akaufunika juu ya televisheni, na muziki ukaendelea kutoka chini ya mkeka, ukifika mwisho na kuanza, ukifika mwisho na kuanza, mpaka Lutengano alipokimbia nje kuzima jenereta.

Habari ilifika mjini kabla ya Lutengano. Sisi tuliosoma tulicheka. Nakumbuka tulivyocheka, tukiwa na vyeti vyetu na suruali zetu zilizopigwa pasi, tukamwita mzee mtu wa zama za mawe anayeogopa televisheni. Naandika haya kwa aibu. Mzee hakuogopa televisheni. Alikuwa na adabu ambayo televisheni haikuwa nayo, na kati ya watu wote tulioisikia habari ile, aliyeona hivyo mapema ni binti wa Kitanga ambaye desturi yenyewe si ya kwao.

Jumatatu Lutengano aliiweka diski mezani kwa Habiba, akasema amefunga safari si kudai kitu ila kuuliza kama kuna njia. Baba yake sasa hataki hata kusikia neno DVD. Salim, aliyekuwa anasikiliza kutoka upande wa pili wa ubao, akaingia bila kuitwa.

"Dada, mbona rahisi. Mwekee shemeji yale mawingu ya usoni. Yale wanayowawekea watu kwenye taarifa ya habari."

"Wanaowekewa yale ni wezi, kaka Salim."

"Basi mkate. Kila alipo, kata."

Lutengano akatikisa kichwa. Kwa desturi ya ukoo wa Sekela, ng'ombe akifika, mjomba wa bibi harusi anaipokea kamba na kuiweka mkononi mwa bibi harusi mwenyewe, ili watu waone ng'ombe ametoka kwa nani na amekuja kwa ajili ya nani. Ukimkata Sekela, unamkata ng'ombe. Na ng'ombe ndiye neno lote.

Habiba alitoka nje. Alipanda baiskeli ya abiria mpaka Ipinda, na hakwenda kwa mzee. Alizunguka nyuma, jikoni, kwa Sekela. Waliongea wakichambua mchele kwenye ungo. Sekela hakumlaumu. Alimweleza tu alivyoisikia Jumamosi ile kutoka pale alipokuwa amekaa.

"Nilisikia wimbo wangu wa kuingilia ukumbini," alisema. "Ukaisha. Ukaanza tena. Kila ulipoanza nilijua niko pale mbele ya baba, namcheka. Na sikuwa na njia ya kwenda kujitoa."

Habiba akamwomba radhi. Kisha akamuuliza swali ambalo nadhani hakuna fundi wa video duniani aliyepata kumuuliza bibi harusi: ni kipi chake ambacho baba mkwe anaruhusiwa kukiona. Sekela akafikiri, ungo ukiwa umetulia magotini. Mgongo anauona, akasema, nikiwa shambani. Miguu. Akaitazama mikono yake yenye vumbi la pumba. "Mikono," akasema. "Nikimwekea maji mlangoni anaiona mikono."

Habiba alirudi mjini akiwa anajua atakachofanya, na alipoingia dukani Salim aliona hivyo usoni mwake akaacha utani.

Kazi ilichukua siku tatu, umeme ukienda na kurudi. Harusi ya saa nne aliipunguza ikawa dakika hamsini na mbili. Aliweka wageni wa ukoo wa Nsajigwa wakishuka kwenye gari, viti walivyoandaliwa, nani alikaa wapi. Ibada aliiweka kwa picha zilizopigwa kutoka nyuma, shela na mgongo. Kisha akafika kwa ng'ombe. Pale alikuwa na kanda moja tu, na Sekela alikuwa katikati ya kila picha, uso wazi. Habiba akaikuza picha mpaka uso ukatoka nje ya ukingo wa juu na ndani wakabaki ng'ombe, kamba na mikono. Ila ng'ombe hakutulia, na Sekela hakutulia, kwa hiyo ilimbidi ausogeze ukingo hatua kwa hatua, picha ishirini na tano kwa kila sekunde, kwa dakika sita nzima. Mahali paliporuka akaanza upya.

Na hapo ndipo dirisha la mwisho lilipofunguka na kumuuliza namba: kila sekunde ya picha ipewe nafasi kiasi gani kwenye diski.

Msomaji asiyejua anaweza kudhani hizi ni namba za mafundi. Hebu nieleze. Picha iliyokuzwa mara mbili tayari imechoka. Ni kitambaa kilichovutwa. Ukiipunja tena wakati wa kuitoa, inapasuka. Habiba alijaribu kwanza kiwango kile kile cha diski ya saa nne, ili aone. Ng'ombe akatoka akiwa tofali jekundu lenye miguu, na baka jeupe la usoni, alama pekee ambayo mzee angemtambua nayo, likawa limeyeyuka kwenye wekundu. Angemletea mzee ng'ombe wa mtu yeyote. Akapandisha mpaka juu kabisa, karibu megabiti tisa kwa sekunde; baka likaonekana, lakini deki ya Salim ikawa inakwama kila ng'ombe alipotikisa kichwa, kwa sababu deki za bei ile haziwezi kumeza upesi namna hiyo. Akashuka mpaka nane, akaufunga mwendo usipande wala usishuke. Sauti akaiacha wazi kadiri alivyoweza, kwa ajili ya maneno ya mjomba. Kwa kiwango hicho diski hubeba kama saa moja, haipokei zaidi, na yeye hakutaka ipokee zaidi.

Menyu akaifuta. Akaweka diski ianze yenyewe mara inapoingia, na ikifika mwisho isimame kwenye weusi, kimya, isirudi popote. Kwenye sehemu nne muhimu aliweka alama, ili mtu akibonyeza kitufe cha kuruka deki ifike pale. Ng'ombe alikuwa alama ya tatu.

Halafu akatengeneza diski ya pili na ya tatu, za watu wote, saa mbili kila moja, zenye Sekela na kicheko chake na menyu yake. Lutengano alipouliza kuhusu zile za kuazimwa na majirani, Habiba alimwambia majirani waazime hizo mpaka zikwanguke. Hii moja iliandikwa KWA BABA, na haiazimwi.

Kumshawishi mzee kulimchukua Anyosisye wiki nzima. Alichomwambia ndugu yake mwishowe, nilivyosikia, ni kwamba binti Mansuri anakuja mwenyewe kukaa pale, na kama kuna uso wowote utakaotokea, yeye Anyosisye ana mkeka.

Habiba alifika saa tisa alasiri, Salim nyuma yake na jenereta kwenye baiskeli. Betri mpya za rimoti zilikuwa kwenye mkoba wake, na nyingine mbili za akiba.

"Ugonile, tata," alisalimia kwa Kinyakyusa, akipiga goti. Kisha kwa Kiswahili: "Shikamoo, baba. Safari ile nilikosea mimi. Mwanao hakukosea, wala mkweo."

Mzee aliitikia. Akasema amesikia watu wa mjini wanasema kile ni kioo tu.

"Wanasema, baba."

"Macho hayajui kwamba ni kioo," mzee alisema. "Macho yanajua yameona."

Habiba akasema ndiyo, na akaisukuma diski ndani.

Picha ilianza yenyewe. Wageni walishuka kwenye gari, na mzee akawa anawataja mmoja mmoja kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu miche. Aliona viti. Aliona mdogo wake amekalishwa mstari wa mbele, akasema kofia ile ni yake na atairudisha. Ibada ilipita, shela na mgongo, na Anyosisye akawa ameshika mkeka wake magotini mpaka akausahau.

Kisha ng'ombe akaingia.

Mzee akainua mkono, na Habiba akasimamisha picha. Ikasimama imara, haikutetemeka. Mzee akainama mbele mpaka plasta ikagonga kigoda. Baka lilikuwapo, jeupe, limepinda kidogo kuelekea jicho la kushoto.

"Huyo," alisema. "Endelea."

Sauti ya mjomba wa Sekela ikatoka safi, na nyuma yake vigelegele: ng'ombe huyu ametoka kwa Nsajigwa wa Ipinda, ambaye mguu umemzuia lakini mkono haukumzuia. Watu walioketi sebuleni wakageuka kumtazama mzee. Yeye hakugeuka. Kwenye kioo mkono wa mjomba ulikuwa unaiweka kamba kwenye mikono mingine, ya mtu mdogo kuliko yeye, yenye hina na kucha fupi. Mikono ile ikaipokea kamba pamoja, wa kulia na wa kushoto. Na hapo ng'ombe, kwa sababu ya vigelegele, akashtuka na kuvuta. Kamba ikakaza. Mikono ikateleza kidogo, ikajizungushia kamba mara moja kwenye kifundo, ikashika. Ng'ombe akavuta tena. Mikono haikusogea.

"Mikono hiyo ni ya nani?" mzee aliuliza, ingawa alijua.

Kwao wao kulitaja jina la Sekela si kosa, lakini wote waliona kwamba swali halikuwa la jina.

"Ni ya mwenye ng'ombe," alisema Anyosisye.

Mzee akaomba irudiwe. Habiba akabonyeza kitufe cha kuruka nyuma, ikarudi kwenye alama ya tatu, ng'ombe akaingia upya. Safari hii mzee hakutazama baka. Alisubiri kamba. Ng'ombe akavuta, mikono ikateleza, ikajizungushia, ikashika.

"Kavuta, hakuiachia," mzee alisema. Aliwaambia waliokaa nyuma yake, kama kwamba hawakuona. "Na ng'ombe yule namjua mimi. Alishamwangusha Lutengano kwenye mtaro."

Sebule ikacheka, na Lutengano akacheka kuliko wote.

Diski ikaenda mpaka mwisho. Ikafika kwenye weusi ikasimama, na palikuwa kimya isipokuwa jenereta nje. Jikoni Sekela alikuwa anangojea muziki uanze tena. Haukuanza. Aliniambia mwenyewe, baadaye sana, kwamba kimya kile kilimtisha kuliko wimbo, kwa sababu wimbo alijua maana yake.

Kisha akasikia ndara za Anyosisye zikija uani. Mama yule akaingia, akafunua sufuria, akachukua ile sahani ya bati yenye maua ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuilia, akaanza kupakua wali. Sekela alitaka kuuliza. Anyosisye akamwambia aweke samaki wawili, mzee ana njaa, na ahimize maji ya kunawa.

Maji Sekela aliyapeleka mwenyewe mpaka mlangoni, amejifunika khanga hadi kwenye paji la uso, macho chini, akanyoosha birika na beseni kuvuka kizingiti bila kuingia. Mzee, ambaye alikuwa amesogezwa na kigoda chake mpaka karibu na mlango, alitazama pembeni kama inavyopasa. Lakini alipomaliza kunawa alikaa kidogo, akiwa ameitazama mikono iliyoshika birika.

"Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa, akiiambia hewa iliyokuwa mbele yake. "Ndaga fijo."

Akala. Habiba na Salim nao walikula, kutoka sufuria ile ile, na Salim aliongeza mara mbili.

Nimekwenda studio kwa Habiba mara nyingi tangu siku ile. Wamekuja wengine sasa, vijana wenye kompyuta mpya wanaochoma diski kumi wakati yeye anachoma moja, na hawamtishi. Wakija kumuuliza amechagua namba gani, huwaambia zote, bila kuficha, maana namba hazina siri. Katoni bado iko ukutani. Chini ya DEKI NI YA NANI? ameongeza mstari mwingine, kwa kalamu ya rangi tofauti: NA NANI AMEKAA MBELE YAKE?

Diski ya KWA BABA iko Ipinda, ndani ya soksi, kwenye sanduku la mzee. Haiazimwi. Plasta ilipotolewa alijifunza kitufe cha kuruka, na siku Lutengano anapoleta deki na jenereta nyumbani mzee hajisumbui na wageni wala ibada. Anakwenda moja kwa moja alama ya tatu.